Jinsi ya kuandaa jedwali la vinara wa takwimu katika msimu wa konferensi ya kikapu ya vyuo vya Marekani

Msimu wa 2007-08 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, alipiga bloku (kuzuia mtupo wa mpinzani) 147 katika mechi 33. Msimu uliofuata akapiga 152 katika mechi 36. Ukipanga kwa jumla, msimu wa pili uko juu. Ukipanga kwa wastani, wa kwanza uko juu: 4.45 kwa mechi dhidi ya 4.22. Hesabu zote mbili ni sahihi, na majedwali mawili yaliyoandaliwa kwa uaminifu yanaweza kutoa majibu yanayopingana. Ndiyo maana kazi ya kuandaa orodha ya vinara huanza na kanuni, na namba zinafuata.

Mwongozo huu unamlenga mtu anayetaka kujenga jedwali lake mwenyewe, kwa karatasi na kikokotoo au kwa Excel, kuanzia ripoti ya mechi moja hadi orodha ya mwisho ya msimu. Mifano mingi inatoka konferensi (kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja) ya Big East ya wakati wa Thabeet, lakini utaratibu ni uleule kwa SEC, Big Ten au nyingine yoyote.

Hatua ya 1: Amua ni mechi zipi zinahesabiwa

Msimu wa timu ya chuo una mafungu kadhaa. Kuna mechi za nje ya konferensi, nyingi zikichezwa Novemba na Desemba. Kuna mechi za konferensi za msimu wa kawaida. Kuna mashindano ya konferensi mwezi Machi, kisha mashindano ya taifa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa waliofuzu. Mechi za maonyesho kabla ya msimu hazihesabiwi popote.

Kutokana na mafungu hayo hutengenezwa majedwali mawili ya kawaida. La kwanza ni la "mechi zote": linachukua kila kitu isipokuwa maonyesho. La pili ni la "mechi za konferensi pekee", na hilo kwa desturi huchukua msimu wa kawaida tu, mashindano ya Machi yakiachwa nje. Big East ya 2008-09 ilikuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 18 za konferensi. Connecticut ilicheza mechi 36 kwa jumla, kwa hiyo jedwali la konferensi lilitazama nusu tu ya msimu wao.

Tofauti hiyo ina uzito. Tarehe 12 Machi 2009, robo fainali ya mashindano ya Big East kati ya Syracuse na Connecticut ilikwenda vipindi sita vya nyongeza, Syracuse ikashinda 127-117. Mechi ya dakika 40 ikawa ya dakika 70. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 na kufunga pointi 34. Namba zote za usiku ule zimo kwenye jedwali la mechi zote, na hazimo kabisa kwenye jedwali la konferensi. Takwimu za muda wa nyongeza huhesabiwa sawasawa na za dakika 40 za kwanza, wala hazipunguzwi, na mechi hiyo ndefu bado inahesabiwa kama mechi moja.

Swali la mpinzani nalo lina historia. Mwaka 1953 Bevo Francis wa Rio Grande College, Ohio, alifunga pointi 116 dhidi ya chuo cha miaka miwili, na NCAA ikakataa kuzitambua kwa sababu ilihesabu mechi dhidi ya vyuo vya miaka minne pekee. Mwaka uliofuata akafunga 113 dhidi ya Hillsdale, chuo cha miaka minne, zikatambuliwa. Kwenye jedwali lako andika wazi wapinzani wa aina gani wanaingia. Ukitumia jedwali la konferensi pekee, swali hili linajiondoa lenyewe, na kwa maoni yetu ndiyo sababu kubwa ya kulipendelea: kila mchezaji amekutana na wapinzani wa daraja moja, nusu ya mechi nyumbani na nusu ugenini.

Hatua ya 2: Panga data, mstari mmoja kwa mchezaji kwa mechi

Usianze na wastani wa msimu uliokwisha kupikwa na mtu mwingine. Anza na ripoti ya kila mechi, inayotolewa na chuo mwenyeji, kisha weka mstari mmoja kwa kila mchezaji aliyeingia uwanjani. Safu zinazohitajika ni hizi, kwa mpangilio: tarehe, msimu, aina ya mechi (KON kwa konferensi, MAS kwa mashindano, NJE kwa nyingine), msimbo wa mchezaji, timu, mpinzani, nyumbani au ugenini, dakika, mitupo iliyoingia, mitupo iliyojaribiwa, mitupo ya pointi tatu iliyoingia, ya pointi tatu iliyojaribiwa, mitupo huru (inayotolewa baada ya faulo) iliyoingia, mitupo huru iliyojaribiwa, ribaundi (mpira uliodakwa baada ya mtupo kukosa) za kushambulia, ribaundi za kulinda, asisti (pasi inayozaa kapu), mipira iliyopotezwa, stili (mpira ulionyang'anywa mpinzani), bloku, faulo, pointi. Hizo ni safu A hadi V.

Mambo matatu huharibu laha nyingi hapa.

La kwanza ni Excel kugeuza namba kuwa tarehe. Ripoti nyingi huandika mitupo kama 5-11, yaani mitano imeingia kati ya kumi na mmoja. Ukibandika hivyo, Excel itaandika tarehe, na thamani halisi inapotea. Badilisha muundo wa safu kuwa maandishi kabla ya kubandika, kisha tenganisha namba mbili. Msimu pia: "2008-09" huweza kusomeka kama Septemba 2008. Andika mwaka wa kumalizia tu, 2009.

La pili ni majina. Thabeet mmoja anaweza kuonekana kama "Thabeet, Hasheem", "H. Thabeet", au Hashim Thabit kwenye magazeti ya nyumbani, na kompyuta itamhesabu kama watu watatu. Mpe kila mchezaji msimbo mmoja, kwa mfano CONN-THABEET-07, ukiwa na chuo, jina la ukoo na mwaka uliomalizika msimu wake wa kwanza. Usitegemee namba ya jezi, kwa sababu hubadilika na hurithiwa.

La tatu ni mchezaji aliyekaa benchi bila kuingia. Usimwekee mstari. Ukimwekea mstari wa sifuri, fomula ya kuhesabu mechi itamwongezea mechi ambayo hakucheza, na wastani wake utashuka. Kinyume chake, aliyeingia hata kwa sekunde chache amecheza mechi hiyo, na lazima awe na mstari.

Hatua ya 3: Kagua kila mechi kabla ya kuijumlisha

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo majedwali mengi ya mitandaoni yanapochechemea. Kosa moja la kunakili katika mechi ya Januari litakaa kimya hadi Machi. Kwa kila mechi fanya ukaguzi huu:

Pointi za mchezaji lazima zilingane na mitupo yake. Chukua mitupo yote ya uwanjani (isiyo huru) iliyoingia mara mbili, ongeza ya pointi tatu iliyoingia, ongeza mitupo huru. Mchezaji mwenye mitupo 7, miwili ikiwa ya pointi tatu, na huru 5, ana 14 + 2 + 5 = 21. Usiizidishe ile ya pointi tatu kwa tatu, kwa kuwa tayari imo ndani ya mitupo 7.

Pointi za wachezaji wote zijumlishe zilingane na matokeo ya timu.

Dakika za timu ni 200 kwa mechi ya dakika 40, pamoja na 25 kwa kila kipindi cha nyongeza cha dakika tano. Mechi ile ya vipindi sita ilipaswa kutoa 350 kwa kila timu. Ukipata 199 au 201 ni makadirio ya sekunde tu. Ukipata 190, kuna mchezaji umemruka.

Asisti za timu haziwezi kuzidi mitupo ya timu iliyoingia. Stili za timu haziwezi kuzidi mipira iliyopotezwa na mpinzani, kwa kuwa kila stili ina mpira mmoja uliopotezwa upande wa pili, ingawa si kila mpira uliopotezwa una stili. Bloku haziwezi kuzidi mitupo ya uwanjani ambayo mpinzani amekosa.

Ribaundi zina mtego wake. Jumla ya ribaundi za wachezaji huwa pungufu ya ribaundi za timu, na si kosa. Mpira ukikosa kapu ukatoka nje bila mtu kuudaka, ribaundi huandikiwa timu na si mtu. Usiigawe kwa mchezaji yeyote ili hesabu ifunge.

Vyuo pia hurekebisha ripoti baada ya mechi. Bloku inaweza kuhamishwa kutoka mchezaji mmoja kwenda mwingine siku mbili baadaye, watazamaji wa takwimu wakishatazama video. Pitia upya ripoti za wiki iliyopita kila Jumatatu, na andika tarehe uliyochukua data juu ya jedwali.

Hatua ya 4: Jua kila takwimu inahesabiwa vipi

Mtu aliyezoea kuandika takwimu za ligi za Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi amefunzwa kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, na tofauti ndogo zitamtatiza. Kubwa zaidi ni asisti. FIBA humpa mpasi asisti hata pale mfungaji anapofanyiwa faulo na kuingiza walau mtupo huru mmoja. NCAA haimpi: asisti inahitaji kapu la uwanjani. Kwa hiyo usilinganishe asisti za mchezaji wa chuo na zile alizopata akichezea timu ya taifa.

Mchezaji akifanyiwa faulo wakati anatupa na mpira ukakosa, haandikiwi mtupo uliojaribiwa. Mpira ukiingia, unaandikwa wote: umejaribiwa na umeingia. Anayenakili kutoka kwenye video hukosea hapa mara kwa mara, na asilimia ya wachezaji wanaopenda kuingia chini ya kapu hushuka bila haki.

Bloku huandikwa pale mlinzi anapobadilisha mwelekeo wa mtupo na mtupo huo ukakosa. Akiugusa ukaingia, hakuna bloku. Kila bloku pia ni mtupo uliokosa kwa mtupaji, na baada yake lazima ifuate ribaundi ya mtu au ya timu, labda kama kipindi kimeisha. Mlinzi akiuzuia mwenyewe na kuudaka mwenyewe, anaandikiwa vyote viwili. Ndivyo mlinzi mrefu anavyoweza kufikisha tarakimu mbili katika makundi matatu bila asisti nyingi, kama Thabeet alivyofanya dhidi ya Providence Januari 2009: pointi 15, ribaundi 11, bloku 10.

Asisti na bloku zina chembe ya hukumu ya mwandishi wa takwimu. Chuo mwenyeji ndicho kinachomweka mwandishi huyo, na baadhi ni wakarimu kwa watu wao. Kuna njia rahisi ya kupima: tenga wastani wa nyumbani na wa ugenini kwa kila kinara. Pengo dogo ni la kawaida, kwa kuwa wachezaji wengi hucheza vizuri zaidi nyumbani. Pengo likiwa kubwa kwenye asisti na halipo kwenye pointi, tia alama pembeni ya jina.

Hatua ya 5: Jumlisha, gawa, na weka kiwango cha chini

Laha ya kwanza, yenye mistari ya mechi, iite Mechi. Kwenye laha ya pili weka msimbo wa mchezaji kwenye safu A. Idadi ya mechi za konferensi hupatikana kwa:

=COUNTIFS(Mechi!D:D,A2,Mechi!C:C,"KON",Mechi!B:B,2009)

Jumla ya bloku kwa:

=SUMIFS(Mechi!T:T,Mechi!D:D,A2,Mechi!C:C,"KON",Mechi!B:B,2009)

Kwa takwimu nyingine badilisha Mechi!T:T tu. Kompyuta zilizowekwa kwa mipangilio ya baadhi ya nchi hudai nukta-mkato badala ya mkato kati ya vipengele. Fomula ikikataa, jaribu hivyo kwanza. Ukitaka jedwali la mechi zote, ondoa sharti la "KON".

Wastani ni jumla kugawa kwa mechi alizocheza mchezaji, si mechi za timu. Asilimia ni mitupo yote iliyoingia kugawa kwa yote iliyojaribiwa. Kamwe usichukue wastani wa asilimia za mechi. Mchezaji aliyeingiza 1 kati ya 2 siku moja na 2 kati ya 12 siku nyingine ana 3 kati ya 14, yaani asilimia 21.4. Ukiweka wastani wa 50 na 16.7 utapata 33.3, na umemtunga mtupaji ambaye hayupo. Kosa hilohilo hutokea mtu anapotafuta wastani wa miaka ya chuo. Bloku za Thabeet zilikuwa 118 katika mechi 31, kisha 147 katika 33, kisha 152 katika 36: jumla 417 katika mechi 100, yaani 4.17. Wastani wa ule wastani wa misimu mitatu unatoa 4.16. Hapa pengo ni dogo kwa sababu misimu inakaribiana kwa urefu; mwaka mmoja wenye majeraha ungelipanua.

Sasa kiwango cha chini, bila hicho jedwali litatawaliwa na mtu aliyetupa mara moja akaingiza. Kwa orodha za taifa za wanaume NCAA hudai mchezaji awe amecheza asilimia 75 ya mechi za timu yake. Kwa asilimia ya mitupo ya uwanjani hudai mitupo 5 iliyoingia kwa mechi. Kwa ya pointi tatu, 2.5 iliyoingia, kwa mitupo huru, 2.5 iliyoingia. Konferensi zina viwango vyake, vingi vikiwa chini ya hapo, basi soma maelezo yaliyo chini ya jedwali la konferensi husika.

Asilimia 75 hukadiriwa kwenda juu: =ROUNDUP(0.75*L2,0), ambapo L2 ni mechi za timu. Mechi 18 zinatoa 13.5, hivyo 14. Mechi 36 zinatoa 27. Aliyecheza mechi zote 18 anahitaji makapu 90 ya uwanjani ili aingie kwenye asilimia ya mitupo, na 45 ya pointi tatu kwa orodha ya pointi tatu. Kanuni hii ndiyo inayowaondoa waliohama au kuumia mapema. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi aliondoka West Virginia katikati ya msimu wa 2020-21, na namba zake za msimu ule zilibaki kwenye vitabu vya Big 12. Alipoanza kuchezea Kentucky katika SEC msimu uliofuata alichukua ribaundi 515 katika mechi 34, yaani 15.1 kwa mechi, akaongoza taifa zima. Chuo kipya, konferensi mpya, hesabu inaanza sifuri kwenye jedwali la konferensi, ingawa jumla ya miaka yake ya chuo inaendelea.

Katikati ya msimu tumia kiwango kilekile dhidi ya mechi zilizokwisha kuchezwa, wala usisubiri mwisho. Vinginevyo Januari nzima orodha ya asilimia itakuwa tupu au itakuwa uongo.

Hatua ya 6: Panga nafasi

Panga kwa thamani kamili kabla ya kukadiria desimali. Wawili wenye 4.18 na 4.22 wote huonekana 4.2, na ukikadiria kwanza utawapa sare wasiyostahili. Kwa pointi na ribaundi desimali moja inatosha kuonyesha. Kwa asisti, stili na bloku onyesha mbili, kwa sababu wachezaji husongamana kwenye sehemu ndogo za namba. Sare ya kweli hushirikiwa: wawili wa tatu, anayefuata ni wa tano. RANK.EQ hufanya hivyo yenyewe.

Kila mara weka jumla na idadi ya mechi pembeni ya wastani. Msimu wa 2023-24 vinara wawili wa pointi wa taifa walitoka Big Ten: Zach Edey wa Purdue upande wa wanaume, pointi 983, na Caitlin Clark wa Iowa upande wa wanawake, pointi 1,234. Wote walicheza mechi 39, kwa sababu timu zao zilifika fainali ya taifa; wastani ni 25.2 na 31.6. Timu ya konferensi hiyohiyo iliyotolewa mapema mwezi Machi ilikuwa na mechi takriban 32. Mchezaji wake alianza mbio za jumla akiwa nyuma kwa mechi saba, na msomaji anapaswa kuliona hilo bila kulitafuta.

Hatua ya 7: Weka tahadhari pale zinapohitajika

Jedwali la msimu mmoja ndani ya konferensi moja linajitosheleza. Ukianza kulinganisha miaka, weka maelezo. NCAA ilianza kuhesabu bloku na stili rasmi kwa wanaume msimu wa 1985-86, kwa hiyo "rekodi ya konferensi" ya bloku haimjui Bill Russell, nyota wa vyuo wa miaka ya 1950, wala mwingine yeyote wa kabla ya hapo. Mstari wa pointi tatu ulienea vyuoni 1986-87, ukasogezwa mbali kwa wanaume 2008-09, kisha tena 2019-20. Pete Maravich wa LSU alifunga pointi 3,667 katika mechi 83, wastani wa 44.2, bila mstari huo; Clark alifunga 3,951 katika mechi 139 akiwa nao, wastani wa 28.4. Konferensi zenyewe hubadilika: Big East ya timu 16 aliyochezea Thabeet ilivunjika mwaka 2013, na ile iliyobaki na jina ni nyingine kwa ukubwa na kwa wanachama.

Tofauti ya kasi ya mchezo na dakika huonekana zaidi kwenye ribaundi. Ukitaka kuipima, tafuta sehemu ya ribaundi alizochukua mchezaji kati ya zilizopatikana akiwa uwanjani. Chukua ribaundi za timu zote mbili, zidisha kwa dakika zake, gawa kwa dakika za mechi. Kisha gawa ribaundi zake kwa jibu hilo. Aliyecheza dakika 30 kati ya 40, mechi ikiwa na ribaundi 70, alikuwapo kwenye takriban 52.5, akiwa na 9, amechukua asilimia 17.1. Kwa bloku, linganisha na mitupo ya pointi mbili ambayo mpinzani alijaribu, kwa uwiano uleule wa dakika, kwa kuwa mitupo ya mbali huzuiwa mara chache.

Mwisho, pima uzito wa mechi moja. Ondoa mechi bora ya kila kinara na upige hesabu tena. Bila zile bloku 10 dhidi ya Providence, Thabeet wa 2008-09 anabaki na 142 katika mechi 35, yaani 4.06 badala ya 4.22. Katika jedwali la mechi 18 usiku kama ule una uzito maradufu: bloku 10 peke yake ni 0.56 ya wastani wa msimu mzima. Anayeshuka nafasi mbili au tatu kwa kuondolewa mechi moja, mwandikie alama na tarehe ya mechi hiyo kwenye mstari wake.